Kichwa kinachouma kila mara: anza na daftari, kisha hesabu vidonge

Kichwa kikiuma wiki ya tatu mfululizo, njia inayofuatwa mitaani kwetu inajulikana. Panadol kwanza. Isiposaidia, kipimo cha malaria. Kikitoka hasi, inatafutwa taifodi. Taifodi ikishatibiwa na kichwa bado kinauma, inatajwa presha, halafu sainasi, halafu macho, na mwisho mtu anaambiwa akatafute hela ya CT, picha ya ndani ya kichwa. Hapo fedha nyingi zimeshakwenda, na huenda hakuna aliyekaa na mgonjwa dakika 10 kumuuliza kichwa chenyewe kinaumaje.

Kichwa kinachorudi kwa wiki na miezi hugunduliwa zaidi kwa maelezo kuliko kwa mashine. Kwa walio wengi, chanzo ni kipandauso, au kichwa cha mkazo wa misuli na msongo, au dawa za maumivu zenyewe. Vyote vitatu havionekani kwenye damu wala kwenye picha ya CT. Vinaonekana mtu akieleza vizuri, na kueleza vizuri ni kazi inayoanzia nyumbani.

Lakini kuna vichwa visivyosubiri daftari wala maelezo marefu, na hivyo lazima tuviondoe njiani kwanza.

Nenda hospitali leo

Maumivu yanayolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, makali kuliko yote uliyowahi kuyapata, huweza kuwa damu inayovuja kuzunguka ubongo. Hapa saa zina thamani: CT hukamata damu hiyo vizuri zaidi ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze. Mtu akilala "aone kama kesho kitapoa," picha ya kesho inaweza kuonekana safi, na itabidi achukuliwe maji ya uti wa mgongo ili ukweli ujulikane.

Vivyo hivyo kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa, au kuchanganyikiwa. Kichwa chenye mkono au mguu uliolegea, ulimi mzito, kuona vitu viwili, au kifafa kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Jicho jekundu linalouma, linaloona duara za rangi kuzunguka taa huku mtu anatapika, ni dharura ya jicho. Mjamzito aliyepita wiki 20, au mama ambaye hajamaliza wiki 6 tangu ajifungue, akiumwa kichwa kisichopoa apimwe presha siku hiyohiyo. Ikiwa 140/90 au zaidi, anahitaji hospitali, hata kama miguu haijavimba.

Aliyeanguka au kupata ajali ya bodaboda asidhani amenusurika kwa sababu wiki imepita. Kwa wazee, na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu huweza kukusanyika polepole chini ya fuvu, na kichwa kikaanza kuuma wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kuanguka kwenyewe.

Sasa hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea: kichwa kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi haiji kwa kishindo. Kichwa huanza kidogo na kuongezeka siku hadi siku kwa wiki moja, mbili, hata tatu. Homa inaweza kuwa ndogo au isiwepo, na shingo huweza kubaki laini kabisa. Mgonjwa anatembea na miguu yake, anapewa mseto wa malaria, anarudi nyumbani. Aliye hatarini zaidi ni mwenye CD4 (hesabu ya seli za kinga) chini ya 100, ingawa hata chini ya 200 inafaa kupimwa, pamoja na yule aliyewahi kuanza ARV akaziacha kwa muda. Kipimo chake kinaitwa CrAg. Ni tone la damu tu, na jibu hutoka haraka. Kikiwa chanya na kichwa kinauma, maji ya uti wa mgongo huchukuliwa kuthibitisha, na pia kupunguza mgandamizo ndani ya kichwa, jambo ambalo lenyewe ni tiba. ARV huahirishwa kwa wiki 4 hadi 6 mpaka fangasi apungue, kwa hiyo mtu asijianzishie dawa alizoziweka kabatini. Kifua kikuu cha ubongo nacho huja kwa mwendo huohuo wa polepole. Kama hujui hali yako ya VVU na kichwa kinaongezeka kila siku, kipimo cha VVU ni cha kufanya kabla ya CT.

Mwisho kwenye kundi hili: kichwa kipya kinachoanza baada ya umri wa miaka 50, kinachozidi wiki hadi wiki, kinachouma zaidi ukilala au ukikohoa, au kinachofuatana na macho kuzima giza kwa sekunde chache ukiinama. Hiki si lazima kiwe cha usiku huu, lakini kisipite siku chache bila daktari.

Daftari

Kama hakuna kati ya hayo, chukua daftari la kawaida la shule. Andika siku ileile, si mwisho wa wiki, kwa sababu kumbukumbu ya maumivu hudanganya: siku mbaya hukumbukwa, siku za wastani husahaulika. Wiki 4 zinatosha kuanzia, 8 ni bora zaidi. Kinachoandikwa: saa kilipoanza na kilipoisha, upande, kinaumaje, ukali kwa 0 hadi 10, nini kilifuatana nacho, ulikula na kulala vipi, hedhi kwa wanawake, na kila kidonge kwa jina, idadi na saa yake. Siku ambayo kichwa hakikuuma nayo iandikwe.

Mfano wa ukurasa mmoja:

*Jumanne. Kimeanza saa 9 alasiri, kimeisha kama saa 4 usiku baada ya kulala. Kushoto, nyuma ya jicho, kinapwita. Ukali 8. Kichefuchefu, nimezima taa. Asubuhi chai ya rangi tu, mchana sikula. Usiku uliopita nimelala masaa 5. Panadol 2 saa 11 jioni.*

*Jumatano. Kichwa kizito tu, 2. Hedhi imeanza.*

Ukurasa huu unasema mengi. Saa 7 za maumivu, upande mmoja, kupwita, kichefuchefu na kuchukia mwanga: hiyo ni sura ya kipandauso. Hedhi ya kesho yake inaeleza kwa nini kimekuja siku hiyo, maana kushuka kwa homoni kuanzia siku 2 kabla ya hedhi hadi siku ya 3 ya hedhi ni kichocheo kinachojulikana. Njaa na usingizi mfupi vimesukuma. Angalia pia saa ya dawa: kichwa kilianza saa 9, dawa ikamezwa saa 11. Wakati wa kipandauso tumbo hupunguza mwendo, kidonge hukaa humo bila kufyonzwa vizuri, na ndiyo sababu mtu anasema "panadol hainisaidii" wakati kosa ni saa mbili za kusubiri. Mara nyingi dawa ileile ikimezwa dakika 20 za mwanzo, pamoja na dawa ya kichefuchefu, hufanya kazi.

Kurasa zikishakuwa nyingi, sura hujitokeza. Kipandauso hudumu saa 4 hadi 72 kisipotibiwa, huzidi ukipanda ngazi au kuinama, na humfanya mtu atafute chumba chenye giza. Wengine huona kwanza mistari ya mwanga inayometameta, au ganzi inayotambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni, kwa dakika 5 hadi 60. Mwanamke mwenye dalili hizo za awali asitumie vidonge vya majira vyenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Amwambie mtoa huduma wa uzazi wa mpango ili apewe njia nyingine. Na kipandauso si lazima kiwe upande mmoja. Kwa wengi huanzia shingoni, ndipo watu wanapokandwa shingo miezi mitatu bila nafuu.

Kichwa cha mkazo ni tofauti. Kinabana pande zote mbili kama kilemba kilichofungwa kwa nguvu, hakipwiti, hakitapishi, na mtu anaendelea na kazi ingawa kwa shida. Kinaweza kukaa nusu saa au siku 7. Bonyeza misuli ya kisogo, mabega na kando ya masikio; ikiuma ukibonyeza, hiyo ni dalili ya upande huu. Fundi cherehani, dereva wa masafa, mtu wa kompyuta aliyeinamisha shingo kutwa, wote wako hapa, na vilevile anayesaga meno usiku.

Cha tatu ni adimu lakini kikali mno: maumivu kuzunguka jicho moja, dakika 15 hadi saa 3, jicho hilo linatoka machozi na kuwa jekundu, pua ya upande huo inatiririka, na mgonjwa hawezi kutulia. Anatembea chumbani akipiga kichwa ukutani. Mwenye kipandauso hulala tuli; huyu hawezi kabisa. Tofauti hiyo moja inatosha kuelekeza tiba.

Sasa hesabu vidonge

Hili ndilo eneo linalopuuzwa kuliko yote. Dawa za maumivu zikitumika mara nyingi mno, zenyewe huendeleza kichwa. Mipaka inajulikana: panadol, ibuprofen, diklofenaki au aspirini kwa siku 15 au zaidi kwa mwezi; vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini au kodeini, na tramadoli, kwa siku 10 au zaidi kwa mwezi. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya miezi 3 na kichwa kinauma siku 15 au zaidi kila mwezi, dawa ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kinachohesabiwa ni siku ulizomeza dawa, si idadi ya vidonge. Anayemeza panadol 2 kila asubuhi "kukizuia" kabla ya kwenda kazini ana siku 30 kwa mwezi, hata kama anajiona mtumiaji mdogo. Sindano ya diklofenaki inahesabika. Kidonge cha duka la dawa kinachouzwa kimoja kimoja bila pakiti nacho kinahesabika. Uliza jina lake na usome viambato, kwa kuwa vingi vya maduka ya kwetu vina kafeini ndani na mnunuzi hajui. Kidonge cha panadol kilichoandikwa Extra, kwa mfano, kina parasetamoli mg 500 na kafeini mg 65.

Sababu yake ni kwamba njia za maumivu kwenye ubongo huzoea dawa na kuwa nyepesi kuamka ikipungua. Kichwa cha alfajiri kinachopoa baada ya kidonge na kurudi kidonge kikiisha ndicho alama yake. Wanaopatwa ni wale ambao tayari wana kipandauso au kichwa cha mkazo. Anayemeza dawa kila siku kwa ajili ya mgongo, na hana asili ya kuumwa kichwa, kwa kawaida haingii humu.

Kuacha kunawezekana. Panadol, ibuprofen na jamaa zake huachwa kwa mara moja. Kodeini na tramadoli hupunguzwa polepole chini ya daktari. Jiandae: siku ya 2 hadi ya 10 kichwa huzidi, usingizi hukatika, kichefuchefu huja. Watu wengi huvunjika moyo siku ya 4 na kusema "nilijua nina ugonjwa mkubwa." Chagua wiki isiyo na safari wala mitihani, waambie wa nyumbani, kunywa maji, na usihukumu matokeo kabla ya wiki 4. Ni vyema daktari aanzishe dawa ya kinga, yaani ya kuzuia kichwa kisije, wakati huohuo.

Na hata usipofikia mipaka hiyo, parasetamoli isizidi vidonge 8 vya mg 500 kwa saa 24 kwa mtu mzima. Diklofenaki ya kila siku huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha ileile unayoishuku.

Malaria, taifodi, presha na sainasi

Malaria huleta kichwa, ndiyo, lakini huja na homa, baridi, mwili kuchoka, na haikai miezi miwili ikiuma kichwa peke yake. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya kimelea huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo aliyemaliza mseto wiki mbili zilizopita, akapimwa tena na kuonekana chanya, asirudie dawa kabla damu haijaangaliwa kwa hadubini.

Kipimo cha Widal cha mara moja hakithibitishi taifodi. Katika maeneo yenye taifodi, damu ya watu wazima wengi wenye afya njema ina kingamwili zinazofanya namba zipande. Taifodi ya kweli ni homa inayopanda kwa siku nyingi, na kipimo chake cha uhakika ni kuotesha damu. Kumeza siprofloksasini kila miezi miwili kwa sababu ya kichwa ni kuharibu dawa ambayo siku moja utaihitaji.

Presha ya wastani kwa kawaida haiumizi kichwa. Inapofika kama 180/120 na kuendelea ndipo huweza. Mara nyingi mambo huwa kinyume: maumivu yenyewe yamepandisha namba. Pima ukiwa umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usio na nguo usawa wa moyo, kibofu hakijajaa, na hukunywa kahawa kwa nusu saa. Pima mara mbili, ukipishanisha dakika moja.

Sainasi ya kweli ina makamasi mazito ya kijani au njano, pua isiyonusa, na mara nyingi homa. Kichwa kinachorudi kila mwezi na pua iliyoziba kidogo na machozi kwa kawaida ni kipandauso, kwa maana mishipa ileile ya fahamu hugusa pua na macho.

Nyumbani na mwilini

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa sehemu za baridi, hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Alama yake: kichwa huuma mkiwa ndani, hupoa mkitoka nje, na wenzako wa nyumba moja nao wanaumwa. Mkaa uliokwisha kuwaka mwekundu bila moshi bado unaitoa, na jenereta ya barazani huifanya vilevile. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni husoma 98 huku mtu anazidiwa, kwa sababu hakitofautishi gesi hiyo na oksijeni kwenye damu. Fungua milango, toka nje, nenda hospitali na uwaambie kuhusu jiko.

Mnywaji wa kahawa chungu au vinywaji vya kuongeza nguvu akikosa, kichwa huanza ndani ya saa 24 na huisha ndani ya siku 7. Hii inaeleza kichwa cha siku za mwanzo za Ramadhani kwa wengi. Kupunguza kikombe kidogo kidogo wiki mbili kabla ya mfungo, na kuweka kikombe kimoja kwenye daku, husaidia.

Mengine kwa haraka. Nywele zilizosukwa kwa kukaza, na helmeti ndogo ya bodaboda, huumiza mahali zinapobana, na maumivu huondoka zikiondolewa. Macho yanayohitaji miwani huleta kichwa jioni baada ya kusoma, si alfajiri. Anayekoroma na kuamka na kichwa kinachopoa ndani ya saa 4 achunguzwe kukatika kwa pumzi usingizini. Hedhi nzito na kupumua kwa shida ukipanda mlima: pima hemoglobini. Nifedipini na dawa za moyo zenye naitreti huumiza kichwa, hasa mwanzoni.

Na tegu wa nguruwe. Kwenye maeneo yanayofuga nguruwe bila mabanda, kama sehemu za nyanda za juu kusini za Tanzania na magharibi mwa Kenya, kichwa sugu pamoja na kifafa cha ukubwani huweza kuwa vifuko vya minyoo kwenye ubongo. Maambukizi hayo hutoka kwenye mayai yaliyo katika kinyesi cha binadamu, kwa hiyo hata asiyekula nguruwe huyapata. Usijimezee dawa za minyoo kwa dhana hiyo. Mnyoo ukifia kwenye ubongo huleta uvimbe, na kazi hiyo hufanywa hospitali baada ya picha.

Ukifika kwa daktari

Beba daftari na pakiti za dawa zote. Uchunguzi unaotosha kwa wengi ni mdogo: presha, joto la mwili, shingo, nguvu za mikono na miguu, kutembea, hemoglobini, VVU, mimba kwa anayeweza kuwa nayo, na daktari kuangalia nyuma ya jicho kwa ofthalmoskopu. Hicho cha mwisho omba kifanyike. Huchukua dakika chache, na uvimbe wa mshipa wa fahamu wa jicho unaoonekana hapo ndio unaofanya CT iwe ya haraka. Uvimbe wa ubongo mara chache sana hujitokeza kwa kichwa peke yake bila dalili nyingine. Eksirei ya fuvu na kipimo cha mawimbi ya ubongo havitafuti chanzo cha kichwa. Ukiandikiwa, uliza vinatafuta nini.

Kichwa kikiuma siku 4 au zaidi kwa mwezi na kinakukatisha kazi, zungumzeni dawa ya kinga. Amitriptilini mg 10 hadi 25 usiku ni ya bei nafuu na inapatikana vituo vingi. Hulaza na kukausha mdomo, ndiyo maana huanzwa kidogo. Propranololi hufaa kipandauso, ila si kwa mwenye pumu. Endelea kuandika daftari ukiwa kwenye dawa. Usiseme imeshindwa kabla ya wiki 6 hadi 8 kwenye kipimo kinachotosha, na linganisha siku za kichwa za mwezi huo na za mwezi wa kwanza wa daftari. Zikipungua kwa nusu, dawa inafanya kazi.